Gharama zisizotarajiwa katika huduma za wingu za bure

Gharama zisizotarajiwa katika huduma za wingu za bure ni madai ya malipo yanayomfikia mtu aliyefungua akaunti ya bure kwa kampuni inayokodisha kompyuta, hifadhi na hifadhidata kupitia intaneti. Hutokea mtumiaji anapovuka kiasi alichoruhusiwa, muda wa bure unapokwisha, au anapowasha kitu ambacho hakimo katika mpango wa bure. Katika Afrika ya Mashariki jambo hili huwagusa wanafunzi wanaojifunza kutengeneza programu, pamoja na shule na vikundi vidogo vinavyotaka tovuti. Bili huja kwa dola za Marekani, na kadi iliyoandikishwa huweza kuwa ya mzazi au ya mwalimu.

Maana mbili za "bure"

Kampuni za wingu hutumia neno "bure" kwa maana mbili, na bili nyingi huanza pale mtu asipozitofautisha.

Katika maana ya kwanza, kiasi kikiisha huduma husimama. Msomaji wa Tanzania anaweza kufikiria LUKU: yuniti zikiisha, taa huzimika, lakini hakuna deni. GitHub Pages, inayohifadhi tovuti zisizo na hifadhidata, iko hivyo. Haidai kadi yoyote. Mpango wa Spark wa Firebase, huduma ya Google inayopendwa na watengenezaji wa programu za simu, pia huzuia matumizi kiwango kikifikiwa. Mtu akihamia mpango wa Blaze katika Firebase hiyohiyo, ameshaingia katika maana ya pili.

Katika maana ya pili, kiasi cha bure kikiisha huduma huendelea kama kawaida na mita huanza kuhesabu. Ni kama mita za zamani za umeme, ambapo mtu alitumia kwanza na karatasi ya bili ikafuata mwisho wa mwezi. Swali la kwanza kabla ya kujiandikisha, basi, si "napewa kiasi gani?" bali "kikiisha kinatokea nini?"

Historia fupi

Huduma ya Amazon ya kukodisha kompyuta kwa saa, EC2, ilitengenezwa kwa sehemu kubwa na wahandisi waliokuwa Cape Town, Afrika Kusini, na ilifunguliwa kwa umma mwezi Agosti 2006. Mwaka 2010 kampuni ya Amazon Web Services ilianzisha mpango wa bure wa miezi 12, wenye saa 750 za mashine ndogo kila mwezi. Mpango huo ulikuwa wa maana ya pili: mwezi wa 13 ulipoanza, mashine iliyosahauliwa ililipiwa bei kamili.

Kuanzia Julai 2025 wateja wapya wa Amazon hupewa salio la dola 100, na wanaweza kuongezewa hadi dola 100 nyingine wakifanya mazoezi fulani. Huchagua kati ya mpango wa bure na mpango wa kulipia. Ule wa bure hukoma baada ya miezi 6 au salio likiisha, lolote litakalotangulia, na hautozi. Akaunti zilizofunguliwa kabla ya hapo zilibaki na masharti ya zamani, kwa hiyo maelekezo ya miaka iliyopita hayafai kufuatwa bila kuangalia akaunti yako ni ya lini.

Google Cloud hutoa salio la dola 300 kwa siku 90. Microsoft Azure hutoa dola 200 kwa siku 30, na kwa wanafunzi wa vyuo wanaokubaliwa kuna mpango wa dola 100 usiohitaji kadi. Kwa mwanafunzi wa chuo mwenye barua pepe ya chuo huo ndio mlango salama zaidi.

Bili hutoka wapi

Hesabu ya saa 750 imewaponza wengi. Mwezi wa siku 31 una saa 744, hivyo mashine moja huweza kufanya kazi mwezi mzima bila malipo. Lakini saa hizo ni za akaunti nzima, si za kila mashine. Mwanafunzi akiwasha mashine mbili na kuziacha, zitatumia saa 1,488. Saa 738 zinazozidi, kwa bei ya dola 0.0116 kwa saa ya mashine ya t2.micro katika kanda ya Virginia, ni dola 8.56. Tukichukua dola moja kuwa shilingi 2,500, ni takriban shilingi 21,400 kwa mwezi kwa mashine ambayo pengine hakuna aliyeitembelea.

Kosa la pili ni la jiografia. Google hutoa mashine moja ndogo ya bure isiyo na kikomo cha muda, lakini katika kanda tatu tu za Marekani: Oregon, Iowa na South Carolina. Mtu aliyeko Kaengesa au Sumbawanga, akifuata akili ya kawaida, atachagua Johannesburg, iliyofunguliwa mwaka 2024, kwa sababu ni karibu. Mashine ileile ikiwekwa Johannesburg hulipiwa. Kwa tovuti ya shule, kuchelewa kidogo kwa kurasa kutoka Iowa si hasara kubwa.

Kanda huleta tatizo jingine pia. Ukurasa wa EC2 kwa kawaida huonyesha mashine za kanda moja kwa wakati mmoja. Aliyefanya jaribio katika kanda ya Cape Town kisha akarudi Virginia ataona orodha tupu na kudhani amezima kila kitu.

Kuna pia vitu vidogo vinavyoambatana na mashine. Mashine ikizimwa bila kufutwa, diski yake huendelea kuhesabiwa. Tangu Februari 2024 Amazon hutoza dola 0.005 kwa saa kwa kila anwani ya IP ya hadharani inayozidi kiasi cha bure, hata kama haitumiki. Kifaa cha kupitishia mawasiliano kiitwacho NAT gateway hakimo kabisa katika mpango wa zamani wa bure, na hugharimu dola 32 hivi kwa mwezi hata bila kupitisha chochote. Baadhi ya mafunzo ya mtandaoni humwelekeza mwanafunzi akiwashe bila kumwambia hilo. Na hifadhidata ya RDS iliyosimamishwa hujiwasha yenyewe baada ya siku 7.

Bili kubwa zaidi mara nyingi husababishwa na watu wengine. Mwaka 2024 mtumiaji wa mpango wa bure wa Netlify alidaiwa dola 104,500 baada ya faili moja la muziki kwenye tovuti yake kupakuliwa mara nyingi mno. Kampuni ililifuta deni hilo baada ya habari kusambaa. Hatari ya namna hiyo humkuta pia anayeweka funguo zake za siri pamoja na msimbo kwenye GitHub. Kuna programu zinazozunguka usiku na mchana kutafuta funguo hizo, na wezi huzitumia kuwasha mashine kubwa za kuchimba sarafu za kidijitali kwa gharama ya mwenye akaunti.

Tahadhari na mipaka yake

Kampuni kubwa humruhusu mteja kuweka bajeti na kupokea barua pepe matumizi yakifikia kiasi fulani. Inafaa kuweka ya dola moja siku ileile ya kufungua akaunti. Lakini bajeti ya Amazon au Google kwa hali ya kawaida hupiga kengele tu, haifungi mlango. Taarifa za matumizi nazo huchelewa kwa saa kadhaa, muda unaotosha deni kukua. Akaunti ya bure ya Azure ni tofauti kidogo: ina kikomo cha matumizi kinachozima huduma salio linapokwisha, mpaka mteja mwenyewe akiondoe.

Wengi Tanzania na Kenya hulipa kwa kadi za mtandaoni zinazojazwa kutoka pesa za simu, kama M-Pesa, na huona kuwa kuacha kadi bila salio ni kinga. Kinga hiyo ni nusu. Malipo yakishindikana kampuni husimamisha akaunti na inaweza kufuta data, lakini deni hubaki kwa jina la mteja. Mwanafunzi anayetumia kadi ya mtu mwingine anapaswa kumweleza hivyo kabla ya kuandika namba zake.

Bili ikishafika

Aliyepata bili huanza kwa kufuta chanzo chake, akipitia kanda moja baada ya nyingine, pamoja na diski, nakala na anwani za IP. Ikiwa kuna dalili ya wizi, hubadilisha nywila, hufuta funguo zote na kuweka uthibitisho wa hatua mbili. Baada ya hapo huandikia huduma kwa wateja, akieleza kwa ufupi nini kilitokea na nini kimefutwa. Kampuni hizi si nadra kusamehe kosa la mara ya kwanza, ingawa hazilazimiki. Kufunga akaunti peke yake hakufuti matumizi yaliyokwisha kuhesabiwa. Bili ya siku zilizotangulia mwezi huo huja mwezi unaofuata.