Maji ya Mwea Yalimfaidi Nani?

Ukisafiri kutoka Embu kwenda Nairobi utapita Wang'uru, na huko utaona nchi tambarare iliyokatwakatwa kwa mifereji na kujaa mpunga. Mchele wake, uitwao pishori, husifiwa kote Kenya kwa harufu yake. Usidhani ya kuwa palikuwa hivi tangu zamani. Palikuwa mbuga kavu.

Katika mwaka wa 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni iliwatumia watu waliotiwa kizuizini kwa sababu ya Mau Mau kuchimba mifereji ya kuyaleta maji ya mito ya Thiba na Nyamindi. Jembe la kwanza, basi, lilishikwa na mtu asiyekuwa huru.

Baadaye watu wasio na ardhi walipewa mashamba, kwa kawaida ekari 4 kila mmoja. Mpunga ulistawi, na mkulima akapata fedha mahali ambapo mvua peke yake isingemlisha. Faida hiyo hatuwezi kuikana. Walakini shamba halikuwa lake. Bodi ya Taifa ya Unyunyizaji, iliyoundwa mwaka 1966, iliupokea mpunga, ikakata gharama za maji, mbolea na kulimiwa, ndipo akapewa kilichosalia. Kama angevunja kanuni, angeweza kufukuzwa, yeye na jamaa yake.

Mwaka 1998 wakulima walikataa. Waliuza mpunga wao kwa njia ya chama chao cha ushirika, na katika ugomvi huo damu ilimwagika. Walishinda, lakini mara wakatambua ya kuwa mfereji haujali ni nani bwana wake. Usipozibuliwa hujaa matope, na shamba la mwisho hukosa maji. Ikawabidi kupatana na Bodi: yenyewe isimamie mifereji mikubwa, wao wagawane maji katika vyama vyao, na mavuno yawe mali ya aliyeyalima.

Mwaka 2022 bwawa la Thiba lilifunguliwa ili maji yaongezeke. Nawe, mwanafunzi, utakaposikia mradi wowote wa maji ukisifiwa, uwe wa mifereji au wa mipira itoneshayo maji shinani mwa mmea, usiulize tu magunia mangapi yamevunwa. Uliza pia: ni nani ayashikaye maji, na mkulima amebakiwa na nini mkononi?