Elisi wa 1940 na Mawe ya Musoma

Mwaka 1940 kampuni ya Sheldon Press ya London ilitoa kitabu kiitwacho Elisi Katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya E. V. St. Lo Conan Davies ya hadithi ambayo Lewis Carroll aliichapisha Uingereza mwaka 1865. Hadithi yenyewe inajulikana: binti mdogo anamfuata sungura mweupe, anatumbukia shimoni, na huko chini anawakuta wanyama wasemao, karata zinazotembea, na malkia asiyejua hukumu nyingine ila kukata vichwa. Msomaji anayefungua chapa ile leo hushtuliwa na picha kabla hajafika kwenye maneno. Mchoraji wa chapa ya kwanza ya hadithi hii, John Tenniel, alimchora Elisi akiwa mtoto wa Kiingereza mwenye nywele ndefu nyepesi. Katika chapa ya Kiswahili michoro inafuata nyayo za Tenniel, lakini Elisi ni binti Mwafrika. Dai la makala hii ni kwamba mabadiliko hayo yalikuwa kazi ya tafsiri sawasawa na maneno yenyewe, kwamba kazi hiyo iliachiwa njiani, na kwamba Mara ni mkoa wenye kila sababu ya kuiendeleza.

Tuanze na zama zake. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilikuwa imeundwa mwaka 1930 ili kusanifisha lugha, na vitabu vya shule vilipita chini ya jicho lake. Tayari wanafunzi wa Tanganyika walikuwa na Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson ya mwaka 1929, na vitabu vingine vya namna hiyo. Tahajia ilichambuliwa, msamiati ukapimwa, lahaja ya Unguja ikapewa kiti cha mbele. Picha hazikuwa na kamati. Ndiyo maana chapa ya Elisi inastahili kuangaliwa kwa makini: katika zama ambazo watu walibishana juu ya herufi, kuna mtu aliyetambua kwamba mtoto anayesoma huangalia kwanza. Mwaka 2015 tulipata tafsiri mpya, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, ya Ida Hadjivayanis, iliyotolewa na Evertype. Kwa lugha, hiyo ni hatua kubwa, kwa sababu Kiswahili chake ni cha mtu aliyekulia ndani yake. Lakini michoro iliyomo ni ile ya Tenniel. Basi tuna vitabu viwili vinavyopishana njiani: cha 1940 kina maneno ya mgeni na sura ya mwenyeji, na cha 2015 kina maneno ya mwenyeji na sura ya mgeni. Kitabu chenye vyote viwili ndicho ninachokitetea hapa.

Pingamizi la kwanza ni la heshima kwa mwenye kazi. Husemwa kwamba Carroll na Tenniel walikuwa kama uzi na sindano, na kwamba michoro ile 42 ni sehemu ya hadithi, hivyo anayeibadilisha anaiharibu. Historia ya kitabu chenyewe inajibu. Carroll alisimulia hadithi hiyo mara ya kwanza tarehe 4 Julai 1862, akiwa kwenye mashua katika mto Thames, na mwaka 1864 akamzawadia mtoto Alice Liddell nakala ya mkono aliyoichorea mwenyewe picha 37. Michoro ya Tenniel ilichapishwa baadaye. Tena katika nakala ile ya mkono, malkia na watu wake walicheza mchezo wao wa kugonga mpira kwa kutumia mbuni, na ni katika kitabu cha 1865 ndipo mbuni wakageuka kuwa heroe, wale ndege wa miguu mirefu ambao wengi huwaita flamingo. Mwandishi aliyembadilisha ndege mwenyewe hawezi kutolewa kuwa shahidi dhidi ya wanaobadilisha picha. Haki ya kunakili ilipokwisha Uingereza mwaka 1907, Arthur Rackham alitoa michoro yake mwaka huo huo. Tove Jansson wa Finland alifuata mwaka 1966, Salvador Dalí mwaka 1969. Mfano ulio karibu zaidi na hoja yetu ni wa Australia, ambako mwaka 1975 hadithi ilitolewa kwa Kipitjantjatjara, lugha ya wenyeji wa asili, na sungura akawa kangaruu. Hakuna aliyempoteza Elisi kwa sababu ya mabadiliko hayo. Kila mchoraji alimwongezea makazi.

Kwa nini Mara? Kwanza kwa sababu ya mtu wa Butiama. Julius Nyerere alizaliwa huko mwaka 1922, akaingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa mtoto wa Kizanaki anayejifunza Kiswahili darasani, na Elisi ilipotoka alikuwa mwanafunzi Tabora. Akiwa kiongozi wa nchi alifasiri tamthilia mbili za Shakespeare. Ya kwanza aliitoa mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar, akaipitia upya na kuitoa tena mwaka 1969 kama Juliasi Kaizari: hata jina halikuachwa na kanzu yake ya kigeni. Ya pili, ya mwaka 1969, aliiita Mabepari wa Venisi. Angeweza kuandika wafanyabiashara, na hakuna ambaye angemlaumu. Alichagua neno ambalo msomaji wa Tanzania ya Azimio la Arusha angelisikia hadi mfupani. Huo ndio uchoraji kwa maneno: maandishi ya asili yamebaki, lakini nuru imeangukia upande ambao mwenyeji anauona. Anayemkubali Nyerere katika hilo hana msingi wa kumkataa mchoraji anayefanya vivyo hivyo kwa kalamu ya risasi.

Sababu ya pili ni nchi yenyewe. Anayeijua Musoma anayajua mawe yake, yale majabali ya matale yaliyopandiana kana kwamba kuna mkono ulioyapanga kisha ukaondoka. Elisi wa Tenniel anazunguka kwenye kumbi na bustani za Kiingereza. Elisi wa Mara angetumbukia katikati ya majabali hayo, na msomaji asingehitaji kuambiwa kwamba ameingia mahali ambapo ukubwa wa vitu hauaminiki. Kwenye karamu ya chai kuna mnyama mdogo anayesinzia ambaye mtoto wa huku hamjui, ilhali pimbi wanaoota jua juu ya mawe anawajua vizuri. Wale mbuni wa nakala ya kwanza wanakimbia Serengeti, na heroe wanaonekana katika maziwa ya magadi ya mbuga hiyo hiyo ambayo lango lake la Ndabaka liko Bunda. Kalunguyeye, waliogeuzwa mipira katika mchezo ule, wapo pia. Hata mamba anayetajwa katika kishairi kimoja cha kitabu ni mamba wa mto Nile, na maji ya mto Mara yanaingia ziwani karibu na Musoma kabla ya kutokea Jinja kama Nile. Julai ile ile ya 1862 ambayo Carroll alisimulia hadithi yake, tarehe 28, John Hanning Speke alifika mahali ziwa linapomwaga Nile. Hiyo ni sadfa tu, wala siitumii kama hoja, ingawa ghuba inayoigusa Bunda bado ina jina la Speke.

Jambo gumu zaidi, na tamu zaidi kwa mchoraji, ni sungura. Katika ngano zetu sungura ndiye mjanja anayewazunguka fisi na simba. Sungura wa Carroll ni mtumishi mwenye hofu, anayeangalia saa na kulalamika kwamba amechelewa. Msomaji wa Kiswahili hukitarajia kitu kimoja akapewa kingine, na maneno peke yake hayamsaidii. Picha inaweza. Mvishe sungura suti ya Kaunda, mpe faili kwapani na saa mkononi, naye atakuwa mtu ambaye kila mtoto amemwona akikimbilia ofisi ya wilaya. Ugeni wake unaeleweka, na kichekesho chake kinarudi.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Kuna watakaosema kwamba Elisi mweusi wa 1940 alikuwa chambo cha mkoloni, rangi mpya juu ya kitu kile kile, na kwamba badala ya kuhangaika naye tuwachoree watoto hadithi zetu. Sehemu ya kwanza naikubali kwa kiasi: kubadilisha sura ya binti na kuacha ulimwengu unaomzunguka ulivyo ni kazi nusu, na ndiyo maana nimesema iliachiwa njiani. Sehemu ya pili naikubali yote, ila sioni kwamba inamfukuza Elisi. Waikizu wana masimulizi ya Nyakinywa, mwanamke mwenye mvua aliyetoka Kanadi, Usukuma, akawa mtemi. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952, ina ndugu waliogeuzwa manyani. Kazi hizo zinahitaji wachoraji wenye ujasiri ule ule, na ujasiri huo haugawanyiki kama shamba la urithi. Mkono utakaojifunza kumchora binti anayerefuka hadi kupita miti ndio utakaoweza kuichora mvua ya Nyakinywa bila kuifanya iwe mvua ya kawaida.

Carroll alifariki mwaka 1898 na Tenniel mwaka 1914. Hadithi na michoro ile ya kwanza havina tena mwenye hakimiliki. Mchoraji wa Nyasho au Bunda mjini hahitaji kibali cha London wala kulipia chochote, na mchapishaji atakayetaka kuagiza kazi hiyo anaweza kuiagiza kesho. Naomba iagizwe, na nakala za kwanza zipelekwe Mwisenge.