Nyumba Zetu na Sikukuu Zetu: Habari za Kariakoo

Katika kijitabu hiki cha kutimiza miaka kumi, wenzetu wameshaeleza habari za hisa, mikopo na viongozi. Sisi tumepewa kazi ya kuandika historia ya nyumba. Wako watakaouliza, nyumba na kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa wapi na wapi? Vinahusiana sana, manake wengi wetu tulifahamiana uani, katika nyumba za vyumba sita za Kariakoo. Na kilichotufanya tuanze kuweka hela pamoja hakikuwa biashara. Ilikuwa kodi ya Januari, ile inayomkuta mtu ametoka sikukuu hana kitu.

Jina la Kariakoo wengi mnalijua lilikotoka. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, eneo lile lilikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, "Carrier Corps", na ndimi zetu zikalilainisha. Mitaa ya Narung'ombe na Mahiwa ina majina ya mahali huko kusini palipopiganwa vita mwaka 1917. Katikati ya majina hayo mazito upo Mtaa wa Sikukuu, jina ambalo watoto wa Kariakoo tulilipenda kuliko yote.

Wakati wa ukoloni mji uligawanywa mafungu matatu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Kariakoo ikawa Uswahilini. Mtu alipata kiwanja akakilipia kodi ya ardhi, halafu akajijengea mwenyewe, kwanza kwa miti na udongo, paa la makuti au madebe, baadaye saruji na bati. Ramani ilikuwa ileile: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, nyuma uani penye jiko na choo, mbele baraza. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vingine akapangisha. Kwa watu wasio na pensheni, hiyo ndiyo iliyokuwa pensheni. Na wenye nyumba hawakuwa wanaume tu. Walikuwepo bibi zetu waliouza maandazi na vitumbua, wakaweka senti kwenye kibubu na kucheza upatu mpaka wakaezeka bati. Hao sisi tunawahesabu kuwa waasisi wa kikundi hiki, ingawa hawakuwa na katiba wala muhuri.

Sasa sikukuu. Wiki moja kabla ya Idi mwenye nyumba alinunua chokaa, na wapangaji wote wakashika brashi. Hakuna aliyeuliza wewe dini gani. Baraza lilisuguliwa, uani palifagiliwa mpaka mchanga ukang'aa, mikeka mipya ikatolewa. Mwezi ulipoandama, moto haukuzimwa jikoni usiku kucha. Asubuhi sahani za pilau zilivuka ukumbi, chumba hadi chumba, zimefunikwa kawa, na sahani hairudi tupu. Ukifika Desemba, mpangaji Mkristo naye alipika, sahani zikarudi njia ileile. Jioni watoto walipelekwa Mnazi Mmoja wakiwa na nguo mpya na hela za sikukuu. Mwaka 2000 Idi el Fitri iliangukia siku mbili tatu tu baada ya Krismasi, na wanaokumbuka wanasema zilikuwa siku za kula mfululizo. Waliokuwa na watoto wengi wanakumbuka pia madeni yake.

Hatutaki kuipamba mno. Uani palikuwa na ugomvi wa zamu ya choo na maji, na wako wenye nyumba waliopandisha kodi mara baada ya sikukuu, wakijua mpangaji ameishiwa na hana nauli ya kuhama. Lakini mwenye nyumba aliishi ndani ya nyumba. Ukimchelewesha mlikutana jikoni, mkazungumza.

Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Walioguswa zaidi ni Wahindi wa mjini. Nyumba zetu za vyumba sita hazikufikia thamani hiyo, zikabaki. Soko jipya, lililosanifiwa na Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, na hata hapo nyumba zilibaki. Kilichoziondoa ni fremu. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, kila aliyeleta mzigo wa nguo alitaka mlango Kariakoo, na msimu wa sikukuu ndio uliompa faida ya mwaka mzima. Kwanza baraza lilizibwa likawa duka. Kisha vyumba vya mbele vikatobolewa. Halafu akaja mtu mwenye hela na dalali wake: bomoa hii kibanda, nijenge ghorofa, wewe nikupe sehemu yako.

Hapa tunataka kusimama kidogo, manake ndipo wanawake walipoumia. Nyumba nyingi zilikuwa za mirathi, na warithi wametawanyika, mmoja Tanga, mwingine Mtwara, mwingine Muscat. Wanakutana lini wote? Sikukuu. Kwa hiyo kikao cha kuuza nyumba kilifanyika siku ya Idi mosi au pili, baada ya pilau, na mara nyingi ni mjane aliyeipika hiyo pilau. Kwa mirathi ya Kiislamu, mjane mwenye watoto hupata thumuni, yaani sehemu moja ya nane. Hatuna ubishi na hukumu ya dini. Tunapiga hesabu tu: thumuni ya vyumba sita ni robo tatu ya chumba. Nyumba ikiwa imesimama, mama anakaa kwa heshima chumbani kwake na hakuna anayempimia. Ikiuzwa, anapewa fungu lake mkononi, na hizo hela zinatakiwa zimtafutie pa kulala.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe. Sheria nzuri, lakini inamlinda mke dhidi ya mume aliye hai. Dhidi ya shemeji na watoto wa kambo mjane anahitaji kitu kingine: awe ameweka akiba yake mapema, au kiwanja kina jina lake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilikwishasema kwamba mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Hela za kukinunua haikutaja.

Basi tukahamia Mbagala, Tabata, Gongo la Mboto, Chanika. Wengine tulijenga, wengine tukapanga. Sheria ya kudhibiti kodi ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na kodi ikabaki mapatano ya mwenye nyumba na mpangaji, miezi sita au mwaka kwa mpigo. Mkataba ukianza Januari, basi kila Januari ni msiba.

Ndiyo maana mjadala mkali kuliko yote katika miaka hii kumi ulikuwa wa mgao. Mwanzoni tuligawana wiki mbili kabla ya Krismasi, kama vikundi vingi. Hela zilikuwa zinaingia Desemba zinatoka Desemba: khanga, nguo za watoto, nauli ya kwenda kwao. Waliotaka mgao usogezwe Januari waliambiwa ati wanataka watu wale sikukuu kavu. Mwishowe tukakata shauri: fungu dogo kabla ya sikukuu, fungu kubwa wiki ya kwanza ya Januari, na mwenye deni la kodi au malipo ya kiwanja anaitwa kwanza. Pia mwanachama aliyefiwa na mume anaruhusiwa kukopa kabla zamu yake haijafika, na wawili wetu wanakwenda naye kwenye kikao cha warithi, hata kikifanyika siku ya Idi.

Wenzetu wa Chanika sasa wanadai wanaolipa viwanja wapewe fungu lao lote Januari, wasipewe kitu Desemba. Wenye watoto wadogo wanakataa. Hoja hiyo itakwenda kwenye mkutano mkuu wa Novemba, na kura itakuwa ya siri.