Fomu ya Mlimani: Habari za Mlango wa Uhandisi



Mhariri ameniomba niandike habari za kale za shule yetu. Kwa hakika wako wakubwa zangu wazijuao kuliko mimi: ni nani waliopanda miembe ile, na bweni lipi lilijengwa kwanza. Basi hayo nawaachia wenyewe. Mimi nimechagua kuandika historia ya karatasi moja tu, nayo ni fomu ya kuomba nafasi ya Chuo Kikuu kusomea uhandisi. Kila aliyepita mchepuo wa PCM hapa Kingolwira, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, amepata kuilaza karatasi hiyo chini ya mto wake. Wako iliowafungulia mlango na wako iliowafungia. Mimi ni katika hao wa pili, na nitasimulia ilivyokuwa, lakini yanipasa nianze mbali kidogo.

Wakati wa ukoloni kijana wa Uluguru aliyetaka kuwa mhandisi hakuwa na pa kuombea katika Tanganyika nzima. Chuo cha Ufundi cha Kifalme kilifunguliwa Nairobi mwaka 1956, na huko ndiko alikotakiwa kwenda, ikiwa alipata cheti cha Cambridge kizuri na ikiwa palikuwa na mtu wa kumlipia. Tulipopata Uhuru mwaka 1961 chuo kikuu chetu kilianza mwaka huohuo katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, lakini kilianza na sheria peke yake. Mwaka 1963 kikaundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na nchi tatu zikagawana kazi: sheria ikabaki Dar es Salaam, udaktari na kilimo Makerere, uhandisi Nairobi. Kwa hiyo kitivo kimoja cha uhandisi kiliwatazama vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, na waliobaki nje walikuwa wengi. Waliobahatika kupata ufadhili wa Serikali walipelekwa ng'ambo: Urusi, Ujerumani, India na kwingineko.

Tarehe 1 Julai 1970 muungano ule wa vyuo ukavunjika, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikasimama peke yake pale Mlimani. Kikasimama bila uhandisi! Nchi iliyokuwa ikijenga barabara, mabwawa na viwanda haikuwa na mahali pake pa kumfunza mhandisi hata mmoja. Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi, kikianza na ujenzi, mitambo na umeme. Ndiyo kusema miaka 12 baada ya Uhuru. India ilijitawala mwaka 1947, na taasisi yake ya kwanza ya teknolojia ilifunguliwa Kharagpur mwaka 1951, katika majengo yaliyokuwa kizuizi cha wafungwa wa kisiasa. Sisi tuliokulia karibu na Gereza la Kingolwira tungeweza kuwapa ushauri juu ya majengo ya namna hiyo, lakini hatukuulizwa.

Jambo moja katika kitivo kile lilikuwa jema sana, nalo ni kwamba mwanafunzi hakukaa darasani miaka minne mfululizo. Alipelekwa viwandani na kwenye kazi za ujenzi kufanya mazoezi ya vitendo, akarudi na grisi kwenye kucha. Waliotaka mikono safi walikwenda kwingine.

Hapa ndipo anapoingia mjomba wangu. Kwetu Waluguru mjomba si mgeni wa sikukuu. Ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada zake. Mjomba huyu alimaliza kidato cha sita mwaka 1973, mwaka uleule kitivo kilipofunguliwa, na hisabati zake zilikuwa za kutisha. Akaenda JKT mwaka uliofuata, akiwa na hakika kwamba akitoka kambini safari ni ya Mlimani. Mwezi Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaamua kwamba kijana asitoke shuleni na kuingia Chuo Kikuu moja kwa moja. Kwanza afanye kazi, kisha aombe, na ombi lake liambatane na pendekezo la mwajiri pamoja na la tawi la Chama. Mjomba alilisikia azimio hilo redioni wakiwa wamekaa juu ya magunia ya mahindi.

Mimi siwezi kulibeza azimio lile. Hofu ya wakati ule ilikuwa kwamba wasomi wangejiona tabaka la peke yao, na mtu aliyekwisha kusukuma toroli husoma kwa akili nyingine. Hata mjomba mwenyewe aliliunga mkono. Akaajiriwa katika kiwanda kimoja hapa Morogoro, akawekwa kwenye mashine, na muda si mrefu mashine ikimkataa kila mtu huitwa yeye. Tatizo likawa hapo hapo. Mwaka 1977 alipopeleka fomu yake kwa mwajiri, aliambiwa asubiri, kazi ni nyingi. Tawi la Chama, ambalo tangu tarehe 5 Februari mwaka huo lilikuwa la CCM, lilimwandikia barua nzuri katika wiki moja. Ya mwajiri haikuja. Mwaka 1978 ikawa vilevile. Fundi mvivu angeandikiwa upesi ili aondoke. Fundi hodari alipendwa hata akanyimwa. Waliotunga sharti lile, nadhani, walimfikiria zaidi kijana asiyetaka kufanya kazi, wakamsahau yule ambaye kazi haikutaka kumwachia. Baadaye masharti yalilegezwa, kwanza kwa wasichana, lakini mjomba alikwisha kuoa na kupata watoto, na fomu yake ya 1978 ikabaki ndani ya sanduku la bati, imejazwa yote isipokuwa sehemu moja.

Viwanda vyenyewe mnajua vilikoishia. Kile cha viatu, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili kiuze hata Ulaya, hakikupata kufanya kazi ila sehemu ndogo mno ya uwezo wake, kisha kikafa. Mjomba alirudi Kingolwira kutengeneza pampu za maji na mashine za kusaga.

Sasa nije kwangu. Nilimaliza kidato cha sita mwaka 2002. Sharti la kazi halikuwapo tena, JKT kwa wanafunzi ilikuwa imesimamishwa tangu 1994, na kilichobaki mlangoni ni alama peke yake. Vijana wa leo sikilizeni, maana hesabu hii iliwapoteza wengi. Katika Baraza la Mitihani alama A ilikuwa pointi 1, B pointi 2, na kuendelea, kwa hiyo mwenye pointi chache ndiye aliyeshinda. Chuoni hesabu iligeuzwa: A ilikuwa pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Nilipata C ya Hisabati, D ya Fizikia na D ya Kemia. Barazani nilikuwa na pointi 11, daraja la pili, na nyumbani tukachinja kuku. Kwa Chuo nilikuwa na pointi 7, na kwa pointi 7 katika foleni ya uhandisi hapakuwa na haja ya kuchinja chochote.

Jioni niliyojaza fomu tulikuwa barazani kwa mjomba, wingu limeifunika Lupanga. Palikuwa na nafasi za kuandika chaguo la kwanza, la pili na kuendelea. Nikaandika uhandisi wa ujenzi, uhandisi wa umeme, uhandisi wa mitambo. Mjomba akavaa miwani, akasoma, akaniambia:

"Mjomba, weka na kitu kingine hapo chini. Takwimu, ualimu, chochote."

Nikamjibu kwamba mwenye kuweka akiba amekwisha kukubali kushindwa. Nilikuwa na miaka 20, na nililisema neno hilo mbele ya mtu aliyesubiri sahihi moja maisha yake yote. Hakunijibu. Alinirudishia fomu, akaingia ndani.

Majina yalipotoka nilipanda basi Msamvu, nikashuka Ubungo, nikachukua daladala hadi Chuo Kikuu. Nilisoma mbao za matangazo mara tatu, kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, kama mtu aliyedondosha senti. Aliyekaa dawati moja na mimi alikuwapo. Mimi sikuwapo popote, kwa sababu sikuomba popote pengine. Nilikaa mwaka mzima nikimshikia mjomba spana. Mwaka 2003 niliomba tena, safari hii nikaandika hisabati na takwimu, na nikachukuliwa. Leo ni mtumishi wa Serikali katika mambo ya mipango. Makadirio ya madaraja na makalavati hupita mezani kwangu yakitoka kwa wahandisi, na nakiri kwamba huyakagua kwa ukali kuliko inavyonipasa.

Baada ya hapo mambo yalibadilika haraka. Mwaka 2005 Bodi ya Mikopo ilianza kazi, na Tume ya Vyuo Vikuu ikaundwa mwaka huohuo. Tangu 2010 waombaji wote walipitia mfumo mmoja wa Tume kwa kompyuta, hata mwaka 2017 wakaruhusiwa tena kuomba chuoni moja kwa moja. Milango nayo iliongezeka. Chuo cha Ufundi Mbeya, kilichoanza mwaka 1986, ni chuo kikuu cha sayansi na teknolojia sasa, na mjomba hakuwa na habari nacho mpaka binti wa dada yangu alipoomba huko mwaka 2023.

Binti huyo ni mpwa wangu, kwa hiyo zamu ya ujomba ilikuwa yangu. Alijaza maombi yake kwa simu, amekaa kwenye gogo nje ya nyumba, wala haikumchukua saa nzima. Mlimani hakupata katika awamu ya kwanza. Nilipomtazama nikatafuta maneno ya kumwambia, nikaona mwenyewe yuko kwenye simu anaomba awamu ya pili, na chaguo la mwisho ameandika ualimu. Mbeya wakamchukua, uhandisi wa umeme. Sikumweleza kwa nini nilikwenda kusimama uani peke yangu.

Mwezi Juni 2024 treni ya umeme ilianza safari za Dar es Salaam na Morogoro. Binti aliporudi likizo nilikata tiketi tatu, tukampakia mzee. Tulipoondoka alikaa kimya amebandika kiganja kwenye ukuta wa behewa, anasikiliza. Baadaye akamgeukia binti:

"Mota za hii kitu zinapozwa na nini?"

"Sijui, Babu. Hatujafika hapo."

"Na ikisimama jua kali?"

Binti akatoa daftari mkobani, akayaandika maswali yote mawili. Mzee akaomba aone alivyoandika, akalisahihisha la pili.