Kizingiti cha mlipuko

Kizingiti cha mlipuko ni kiwango cha maambukizi ambacho chini yake ugonjwa huzimika wenyewe, na juu yake unaweza kuenea katika jamii nzima. Katika nadharia ya uwezekano ni mfano wa badiliko la ghafla, kama maji yanavyoganda yakifikia nyuzi 0 za selsiasi.

Kipimo chake ni R, yaani wastani wa wagonjwa wapya wanaoambukizwa na mgonjwa mmoja. R ikiwa chini ya 1, kila mnyororo wa maambukizi hukatika. Ikizidi 1, mnyororo unaweza kuendelea, ingawa mingi hukatika mapema kwa bahati tu. Paul Erdős na Alfréd Rényi walionyesha mwaka 1960 kwamba mtandao nasibu una kizingiti cha aina hiyohiyo: wastani wa viungo vya kila nukta ukipita 1, hutokea fungu moja kubwa mno.

## Kichaa cha mbwa Serengeti

Utafiti wa wilaya za Serengeti (mkoa wa Mara) na Ngorongoro, uliochapishwa mwaka 2009, ulikadiria R ya kichaa cha mbwa kuwa takriban 1.2 tu. Kwa hesabu ya 1 − 1/R, asilimia 17 hivi ya mbwa wakiwa na kinga ingetosha. Hata hivyo kampeni za chanjo hulenga asilimia 70. Mbwa wa vijijini hawaishi muda mrefu na watoto huzaliwa kila mara, hivyo kinga ya kundi hushuka upesi kabla ya chanjo ya mwaka unaofuata. Kijiji kilichorukwa kinaweza kubaki juu ya kizingiti, na binadamu akishaonyesha dalili karibu daima hufa.