Wajukuu wa Kuazima wa Mtaa wa Kearny

Usiku wa kuamkia Agosti 4, 1977, maelfu ya watu walishikana mikono kuizingira Hoteli ya International, mtaa wa Kearny, San Francisco. Polisi walikuja kuwatoa wapangaji, wengi wao wazee wa Kifilipino. Miongoni mwa waliowatetea walikuwamo wanafunzi wa asili hiyohiyo. Hawakuwa ndugu zao. Wazee wengi pale hawakuwa na mke wala mtoto.

Hali hiyo ilitengenezwa. Marekani ilipoitwaa Ufilipino kutoka kwa Hispania mwaka 1898, Wafilipino walipata ruhusa ya kuingia Marekani, uraia wakanyimwa. Miaka ya 1920 vijana wa kiume walimiminika California. Kule Stockton walivuna asparagasi: mtu anainama kutwa na kisu kirefu, akikata bua moja moja usawa wa udongo. Wanawake wa kwao walikuwa wachache mno, na mwaka 1933 jimbo likawapiga marufuku kuoa Wazungu. Mwaka uliofuata, wahamiaji kutoka Ufilipino wakawekewa kikomo: watu 50 kwa mwaka. Kizazi kizima kikazeekea vyumba vya kupanga.

Familia zilianza kuongezeka baada ya Vita Kuu ya Pili, zikija na askari na mabaharia. Sheria ya uhamiaji ya 1965 ikawafungulia mlango wauguzi na madaktari. Watoto wao walikula adobo, chakula cha Kifilipino, nyumbani, lakini wazazi wengi waliwasemesha Kiingereza tu, wakihofia lafudhi ingewaponza. Babu na bibi walibaki ng'ambo. Shule nayo ilikaa kimya.

Husemwa kwamba kijana wa aina hii amekwama kati ya tamaduni mbili. Mimi naona hawa walikosa wa kuwasimulia. Novemba 1968 wanafunzi wa San Francisco State, Wafilipino wakiwamo, waligoma kwa miezi kadhaa wakidai wafundishwe historia za jamii zao, wakafanikiwa. Wengine wakaelekea hotelini Kearny: wakapaka rangi vyumba, wakakarabati, wakaketi kuwasikiliza wazee waliowaita manong, yaani kaka mkubwa. Huko ndiko wengi walikosikia habari za Stockton, na za ghasia za Watsonville za 1930, Mfilipino Fermin Tobera alipouawa kwa risasi.

Hoteli ilibomolewa mwaka 1979, na kiwanja kikakaa kitupu kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2005 lilifunguliwa jengo jipya hapohapo: juu nyumba za bei nafuu za wazee, chini kituo cha historia ya Wafilipino.