Mmea wa Yona: Imani na Lugha katika Kuyafahamu Maandiko

Katika mwaka 403 Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alimwandikia Yeronimo, aliyekuwa akiishi Bethlehemu, habari ya fujo kanisani. Askofu wa Oea, mji ambao leo ni Tripoli, alikuwa ameagiza isomwe tafsiri mpya ya Yeronimo iliyotoka moja kwa moja katika Kiebrania. Msomaji alipofika mahali fulani katika kitabu cha Yona, waumini walisikia neno wasilolizoea. Makelele yakazuka. Wayahudi wa mji wakaulizwa, nao wakaliunga mkono neno la zamani. Askofu akalazimika kusahihisha asije akabaki bila waumini.

Augustino hakulitaja neno lenyewe. Yeronimo ndiye aliyelikisia katika jibu lake: ni jina la mmea uliompa nabii kivuli. Tafsiri ya Kiyunani iliuita mmung'unye, naye aliuita kwa jina la mmea mwingine utambaao. Alijitetea kwamba Kilatini hakikuwa na jina lake, na kwamba kuliandika neno la Kiebrania lilivyo kungekuwa kuwapa watu neno wasilolielewa. Hoja hiyo si ngeni kwa yeyote aliyewahi kuunda istilahi.

Ni rahisi kuwacheka watu wa Oea. Hata hivyo, kwao Maandiko hayakuwa karatasi. Yalikuwa sauti iliyosikiwa tangu utoto, na imani yao ilikuwa imeshikamana na sauti hiyo. Augustino mwenyewe aliamini kwamba wafasiri wa Kiyunani waliongozwa na Roho, na alihofia kuwa tafsiri mpya ingewatenga Wakristo wa Kilatini na wa Kiyunani.

Lakini hakukubali kwamba uongozi wa Roho unaondoa haja ya elimu. Katika kitabu chake juu ya mafundisho ya Kikristo, alichokianza karibu na mwaka 396, anawajibu waliojisifu kuwa huyafahamu Maandiko kwa kipawa cha Mungu tu. Hata hao, asema, walifundishwa herufi na binadamu, na lugha yao waliipata kwa kuisikia. Anamtaja pia towashi wa Kushi: hakutumiwa malaika wa kumfafanulia Isaya, bali Filipo, mtu kama yeye. Kisha anawahimiza wasomaji wajifunze Kiebrania na Kiyunani. (Yeye hakujua Kiebrania, na Kiyunani chake kilikuwa haba, ushauri huo ulimgharimu unyenyekevu.) Alipokimaliza kitabu hicho, karibu na mwaka 426, aliyanukuu maneno ya Amosi kwa tafsiri ya Yeronimo yuleyule.

Wataalamu wengi wa leo huona kuwa mmea wa Yona ni mbarika. Kiswahili, tofauti na Kilatini cha Yeronimo, kina jina hilo, na mti wenyewe humea nyuma ya nyumba zetu. Hata hivyo tafsiri ya mwaka 1952 imeandika “mtango”, wa ukoo uleule wa mmung'unye walioutetea watu wa Oea.